Rimu ya Mbele Kushoto

Garsen, Jumanne jioni

Simu ya mwalimu Komora bado haipatikani.

Asubuhi aliniletea gari nilioshe kabla hajampeleka mkewe Malindi kujifungua. Rimu tatu zilitakata kwa sabuni tu. Ya mbele kushoto ilikuwa nyeusi tii, vumbi la breki limeganda kama masizi. Nikaipaka ukwaju, kama mama anavyosugua shaba, nikasugua mpaka nikajiona ndani yake.

Maji yalipotiririka niliona chembe za chuma zikimetameta. Nikaona zinapendeza, mjinga mimi.

“Dada, umeifanya mpya,” mwalimu akasema. Mkewe akanipungia mkono.

Jioni nilijisifu kwa fundi jirani. Hakucheka.

“Gurudumu moja likiwa jeusi hivyo, pedi za breki zimeisha, chuma kinakula chuma. Hapo huoshi kwanza, dada. Unamwambia mwenye gari.”

Nimepiga tena. Na ile barabara, ng'ombe wanavyoikatiza bila...

Labda ni chaji tu imemwishia. Labda wamefika.

Mikono bado inanuka ukwaju. Dalili ilikuwa pale mbele ya macho yangu, na mimi nimeisugua mpaka ikatoka.