Wamekataa kwa Sababu ya Mionzi

Nyaishozi, Jumamosi

Basi, wamekataa. Mshenga amekuja kutoka Kaisho kumwambia baba kwamba familia ya Deus, mchumba wangu, haimtaki binti anayefanya kazi na mionzi. "Wanahofia hatazaa," alisema, nami niko pale pale namenya ndizi.

Nilimweleza. Kule maabara tunapiga mafuta ghafi mazito kwa mionzi ili yawe mepesi, yasafishike kwa urahisi. Mashine iko nyuma ya ukuta mnene wa zege, sisi tuko upande wa pili. Akaniitikia kwa upole, kama anayemsikiliza mgonjwa.

Deus anayajua yote hayo. Nilimpigia. "Vumilia, wazee watatulia," akasema. Hakusema kama yeye mwenyewe bado ananitaka.

Alasiri mwenzangu wa maabara akanitumia ujumbe: sampuli yetu imelainika, inamiminika! Tumeihangaikia mwaka mzima. Sikuwa na wa kumwambia, nikamfuata baba kwenye migomba.

"Hongera, mwanangu," akasema, ameegemea jembe. "Unarudi lini kazini?"

"Nikirudi, baba, Deus ndiyo basi tena."

"Sikukuuliza habari za Deus."

Kesho nitakata tiketi. Nalia, lakini nitaikata.