Kazi ya Kukaa Kitini

Shikamoo mshauri. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si kwa sababu ni baya, bali sikujua nianzie wapi: ninamstaajabia mdogo wangu wa kike kuliko mtu yeyote ninayemjua, na yeye ndiye mtoto anayeadhibiwa zaidi shuleni kwetu.

Ana miaka minane, nyumbani tunamwita Kishada kwa kuwa upepo kidogo tu, yuko juu. Mimi ni kaka yake, niko sekondari, mtu wa vitabu na maneno machache, na shule zetu zina uwanja mmoja, kwa hiyo kila akikosea anaambiwa, "Mtazame kaka yako," nami natamani ardhi ipasuke. Daktari alimpima akamweleza mama kwamba huo si ukaidi, ana hali inayoitwa ADHD, yaani ubongo wake unapata shida kuutuliza mwili na kushika jambo moja, lakini mama akatukataza kulisema shuleni, akasema, "Wakijua watamwita punguani, na jina likishamganda mtoto halibanduki." Sasa mwalimu wake amesema akivuruga darasa tena atashushwa akakae na watoto wadogo, na mama ameitwa Jumatatu.

Wiki iliyopita nilitumwa kupeleka vitabu darasani kwake, nikakuta mwalimu anawasomea hadithi, nikasubiri dirishani, nikamwona. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, miguu kaizungusha kwenye miguu ya kiti kama mtu aliyejifunga kamba, midomo kaibana, jasho puani, na wenzake wamekaa tu, kama mimi ninavyokaa kutwa na kitabu nikasifiwa kwa hilo, ndipo nikatambua kwamba kukaa kwangu ni bure, ila kwake ni kubeba ndoo iliyojaa pomoni bila kumwaga tone. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi namna ile. Kisha jikoni kwa shule ikaanguka sufuria, naye akawa ameshafika mlangoni: "Mwalimu, imemwagika!" Darasa likacheka, mwalimu akasema, "Wewe hata hujaribu." Nikaweka vitabu mezani nikaondoka.

Nikimwambia mwalimu ukweli nitakuwa nimemvunjia mama heshima, nikinyamaza mdogo wangu atashushwa. Nifanye nini?

Kaka Mtu

*

Marahaba, Kaka Mtu. Umeona kilichowapita watu wazima, nami barua yako nimeisoma mara mbili. Sasa acha nikugombeze kidogo. Kumstaajabia mtoto kimoyomoyo hakumsaidii. Yeye anasikia "hujaribu" kila siku, na kwako hajasikia kitu. Tena umeandika barua nzima juu yake, na swali hata moja hujamwuliza. Anza na yeye.

Kisha nenda kwa mama, na usimzunguke. Anaogopa jina baya, lakini jina mtoto keshapewa: mtundu, mkaidi. Ukweli wa daktari ndio utakaomvua jina hilo. Auseme mama mwenyewe, Jumatatu hiyo hiyo, na aombe Kishada akae mbele, mbali na mlango. Aelekezwe jambo moja moja. Apewe sababu ya kuinuka, kama kufuta ubao au kugawa madaftari. Na akifaulu asifiwe pale pale, si mwisho wa muhula. Arudishwe na kwa daktari, kwani kupimwa tu hakutoshi. Mwalimu akigoma, nendeni kwa mwalimu mkuu.

Nawe aibu yako iache nyumbani siku hiyo moja. Aliyeona ni wewe.

*

Mshauri, nakushukuru. Nilimkuta Kishada anaruka kibarazani, nikamwuliza darasani huwa kunakuwaje. Akajibu huku anaruka, "Kila kitu kinaniita, kaka. Nikiitika naambiwa mtundu, nisipoitika kinaita tena."

Nikamwambia kwamba siku ile ya hadithi nilimwona alivyojizuia, na mimi nisingeweza. Akaacha kuruka.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

Nilimfuata mama, ambaye huwapigia watu nguo pasi pale nyumbani, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akachomoa pasi ukutani, akakaa juu ya furushi la mashuka. "Na mimi nilikuwa nikimwambia hajaribu," akasema. "Mimi, mama yake."

Jumatatu tulikwenda watatu, mama, Kishada na mimi. Mama alimweleza mwalimu maneno ya daktari, na mwalimu akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Nikasimama, nikamweleza kila nilichokiona dirishani, wala sikukaa mpaka nilipomaliza.