Papa, Haukuwa Moshi Wako

Papa,

Shefu amekula leo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama mimi nimekula. Amemaliza konzi mbili za majani makavu, akakaa juu ya kile kigae chako karibu na dirisha, akaanza kunung'unika peke yake kama kawaida. Jicho la kuume bado linatoa maji kidogo asubuhi. La kushoto ni lile lile, jeupe. Halitarudi.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Nilikuwa naandika habari za mazishi, nani alikuja, nani alilia sana, nikifika pale pa kusema lenyewe, naiweka kalamu chini. Leo sichani.

Unakumbuka siku ile mama daktari, mpangaji wetu wa chumba cha uani, alipokuletea lile sanduku la waya? Alikuwa anarudi kwao na ndege imemkatalia mnyama. Tuliinama wote kuangalia: kitu cha kijivu, kinene, masikio makubwa, manyoya laini kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Akasema anaitwa shinshila, wa milima ya baridi ya mbali huko. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Miaka yote nilipaka mafuta magurudumu ya treni, leo niko nachunga panya ya wazungu!" Jioni hiyo hiyo ulishampa jina la Shefu, kwa sababu ya zile sharubu na namna alivyokaa ametoa tumbo, kama mkuu wa stesheni uliyemtumikia ujana wako wote. Ukawa mtumishi wake wewe. Ulimkatia majani kando ya reli, ukayaanika juu ya mabati. Siku za joto ulimlowekea kitenge ukakitundika dirishani, mimi nikitoa jasho kwenye cherehani bila hata kikombe cha maji kutoka kwako.

Na ile habari ya kuoga. Shefu haogi maji, anagaagaa kwenye vumbi. Mfuko wa vumbi aliouacha daktari ulipoisha, ulitafuta mpaka ukapata lako: udongo wa ukingo wa mto Lukuga, unauanika siku tatu, unautwanga kwenye kinu, unauchekecha kwa kile kitambaa cha kichwa cha Mama, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mgongo wako ulipoanza kukusumbua, kazi hiyo ikaja kwangu.

Sasa nisikilize, Papa.

Ilikuwa mwanzo wa Novemba, siku mbili baada ya kwenda kupaka kaburi la Mama chokaa. Ile chokaa ya Kabimba ilibaki nusu mfuko, nikaiweka nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa na nguo za harusi, vitenge vya familia nzima, na bibi harusi anakuja kila saa kuulizia. Ukaniita kutoka barazani: "Nyota, mavumbi ya Shefu iko?" Nikajibu: "Iko, Papa." Haikuwepo. Sikuwa nimeshika kinu wiki nzima. Nikaangalia ule mfuko wa chokaa, nikaingiza vidole. Ilikuwa laini kuliko vumbi lako. Nikaijaza kwenye beseni lake.

Aligaagaa kwa furaha mpaka nyumba ikajaa ukungu mweupe. Ukapita, ukaangalia, ukaniambia: "Leo umechekecha muzuri, mama." Hiyo sifa, Papa. Niliipokea.

Kesho yake macho yote mawili yalikuwa yamefumba, yamevimba, yanatoa usaha. Nilijua. Usije ukadhani sikujua. Kabla hujaamka nilimwaga ile chokaa nyuma ya choo, nikaosha beseni, nikalifuta na kulianika. Haraka ya siku ya kwanza naweza kujisamehe siku moja. Lile beseni nililolisugua alfajiri, sijui.

Na wewe jana yake kutwa nzima ulikuwa umekausha mikebuka, wale samaki wa ziwani, kwa moshi barazani. Ulipomwona, ulikaa chini kabisa, kwenye sakafu. "Njo moshi yangu," ukasema, ukiulaumu moshi wa samaki wako. "Mi niko muzee mujinga."

Nikaenda kutafuta kitambaa cha kumfutia usaha.

Tulimpeleka kwa yule veterineri aliyezoea mbuzi na ng'ombe. Alicheka kwanza, kisha akafungua kope kwa kidole gumba na kicheko kikaisha. Akauliza: "Huyu anaogaga mu nini?" Nikawahi kujibu: "Udongo ya Lukuga, ile Papa anatengenezaga." Ukaongeza wewe mwenyewe: "Dokta, njo moshi yangu." Yule bwana akaangalia manyoya ya tumboni, akasugua kitu kati ya vidole vyake, akaniangalia mimi. Alituelekeza tu: maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa safi, pomade ya macho mara tatu kwa siku.

Pomade hiyo jirani yetu Mama Riziki alituletea kutoka Kigoma. Wewe ulimshika Shefu kifuani ndani ya taulo, mimi nikamfungua kope na kupaka. Kila mara ukimwambia: "Pole, Shefu. Pole, mukubwa wangu." Kila pole ilikuwa inanipita mimi kwanza. Nilikuwa karibu nawe hivi, vichwa vyetu vinagusana, na sikusema.

Unataka kujua kwa nini. Nilirudi kwako ndoa ikiwa imenishinda, na hukuniuliza hata swali moja. Nilitaka angalau katika nyumba hii niwe mtoto ambaye haharibu kitu. Ndiyo sababu yenyewe. Ni ndogo, naionea haya nikiiandika.

Jicho la kuume lilifunguka, la kushoto likabaki jeupe. Basi ukaacha kukausha samaki. Wewe, ambaye majirani walikuwa wanakufuata kwa mikebuka yako! Ukaihamisha mbabula, lile jiko lako la makaa, kule mwisho wa uwanja, na hata uji wako ukawa unaupikia huko, mvua za Desemba zinakunyeshea, umejifunika bati kichwani. Nilikuita urudi barazani, ukakataa: "Jicho moja njo imebakia. Nisiiue na yenyewe." Sentensi moja tu ingekurudisha chini ya paa. Nikakuletea mwavuli.

Waganga wa hospitali walisema kilichokuchukua ni moyo, na kwamba ulikuwa umechoka tangu zamani. Wamenieleza vizuri, nimeelewa. Lakini ninapolala nauona ule mwavuli.

Mchana ule wa mwisho hospitalini dada yangu Feza alikuwa ameenda kukutafutia uji. Ulinishika kidole, ukaniambia: "Umuambie Shefu anisamehe." Nikasema: "Nitamuambia, Papa. Pumzika." Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa na mchana mzima mkononi, na nikakwambia upumzike.

Wakati wa kilio, Feza alisimulia habari ya Papa aliyempofusha panya wa wazungu kwa moshi wa samaki, kisha akajihamisha na jiko lake kama mfungwa. Watu walicheka na kulia pamoja. Walicheka kwa upendo. Na mimi nilicheka nao, mwiko mkononi.

Jana tulikuwa tunagawa nguo zako. Feza akachukua koti lako la kazi, akalinusa, akasema: "Hata harufu ya samaki haina tena." Basi, nikashindwa. Nikamwambia yote, chokaa, beseni, veterineri, yote. Alilikunja koti mapajani mwake, akalikunjua tena. Kisha akasema: "Ulimuacha Papa anyeshewe na mvua, sababu ya haya yako?" Akachukua mfuko wake akaenda kulala kwa shangazi. Hajarudi. Sikumfuata; nilibaki nakunja nguo zako.

Jumapili tunamaliza matanga. Baba mdogo atatoka Nyunzu, majirani watajaa, na lazima mtu ataanza tena ile hadithi ya moshi. Nakuahidi, Papa: sitamwacha aimalize. Nitasimama mbele yao niseme ni nani aliyempofusha Shefu, na ni nani aliyebeba lawama. Wakasirike. Baba mdogo anifokee mbele ya watoto. Baada ya hapo nitaingia ndani kuosha lile jicho, asubuhi na jioni, miaka yote atakayoishi.

Lala salama, mzee wangu. Lakini ujumbe wako kwa Shefu sijamfikishia, na sitamfikishia. Asubuhi ya leo nilimweka mapajani, nikamwomba msamaha mimi. Wewe hukumkosea.

Binti yako,
Nyota