Kichwa cha Watu Wawili Hadi Unguja

Dagoretti Corner, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa binti yako Phanice, ambaye ni mzima, anakula vizuri, na ambaye siku hizi hawezi kutulia mahali pamoja kwa furaha. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma unaipaka, au umempa shangazi tena? Na ng'ombe ameshazaa? Huku baridi imeingia vibaya, asubuhi tunasuka tukiwa na masweta mawili mawili, lakini kazi ipo na Mungu hajatuacha.

Najua unashangaa kupata barua na simu unayo. Mama, simu yako ndiyo imenitia mashakani. Wewe ukipigiwa unaweka sauti ya juu, halafu unatoka nayo nje penye watu. Nilikwambia Ijumaa kwamba naenda Unguja kwa ndege, na Jumapili mchungaji akatangaza kanisani. Kwa hivyo hii naandika, naifunga kwa bahasha, na Mwalimu Jairo jirani yetu ataileta mkononi. Vaa miwani, kaa chini, usome peke yako mpaka mwisho ndipo uite watu. Humu mna habari njema na mna habari moja yenye kona, lakini ile njema ni kubwa zaidi, naapa.

Wacha nianzie mwanzo, maana kwa simu nilikuwa napiga kelele tu.

Kazi yetu hapa Kenyatta Market unaijua. Mtu akitaka rasta ndogo hawezi kukaa kutwa nzima akisukwa na mtu mmoja, kwa hivyo tunamzunguka wawili, watatu, hata wanne kama ana haraka ya harusi au matanga. Mimi na Mwende, yule Mkamba wa Makueni uliyeongea naye Krismasi, tumesuka pamoja tangu tuanze. Yeye kulia, mimi kushoto, tunakutana utosini. Hatukukubaliana. Ilitokea tu kwa sababu ukuta wa kibanda uko upande wangu, na Mwende ana mwili, hawezi kupita pale. Mimi ndiye wa kupiga domo na wateja. Yeye huimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Ndiyo maana wateja huondoka na jina langu kwenye simu zao, na Mwende wanamwita "yule mwingine".

Mteja mmoja ni Ciku, msichana wa kule Karen kwenye majumba makubwa. Ana pesa ya kusukwa popote, lakini husema saluni za kwao zinasuka kama zinaogopa kichwa. Siku hiyo akakaa kwa stuli, moshi wa nyama choma unatupitia kama kawaida, akasema:

"Phanice, naolewa! Na harusi ni Zanzibar, kwa beach kabisa. Nataka wewe ndio unisuke huko, mimi na madada wangu. Ndege tunakulipia."

Mama, kitana kilinianguka. Nikamwuliza, "Unguja? Kisiwani? Mimi huyu?"

"Wewe huyo."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Niliruka, nikapiga vigelegele, mpaka yule mwenye bucha akaja na kisu mkononi kuuliza ni nani ameshinda bahati nasibu. Mtu wa kwetu, aliyekulia kwenye mawe ya Vihiga na bahari hajaiona hata kwa mbali, anaitwa kisiwani akashike kichwa cha bibi harusi! Hapo ndipo nilipokupigia. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi: mjomba Elam akaagiza gari la kuwaleta nyote hadi uwanja wa ndege, akina mama wa kanisa wakashona vitambaa vya rangi moja. Na ndivyo desturi yetu ilivyo. Mtu wetu hapandi ndege mpaka ukoo mzima umemzunguka pale nje, umemwombea, na umepigwa picha na masanduku yake.

Mwende alinikumbatia siku hiyo. "Enda, mami," akaniambia. "Uniletee mchanga kwa chupa." Kisha akasuka siku nzima bila kuimba.

Nikaanza kukimbizana na pasipoti huko mjini. Hiyo nayo ilikuwa sinema. Nilipoweka vidole kwenye mashine ya alama, mashine ikakataa. Nikavipangusa, nikaweka tena, ikakataa. Yule mama wa kaunta akavishika vidole vyangu akavigeuza kwenye mwanga.

"Wewe hufanya kazi gani?"

"Nasuka nywele, madam."

"Basi umesuka mpaka umejimaliza. Alama zimeisha."

Watu nyuma yangu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka. Alinipa losheni kidogo nipake, nikangoja, nikajaribu tena huku nikiomba kimoyomoyo, na mwishowe ikakubali. Nimechanjwa pia homa ya manjano, mkono ukavimba siku mbili. Lakini Mama, ile pasipoti ilipotoka nililala nayo chini ya mto.

Sasa kona yenyewe ndiyo hii.

Ciku akataka nimsuke mara moja kabla ya harusi, kujaribu ule mtindo. Nikaenda kwao Karen peke yangu. Kutoka kwenye geti hadi mlangoni unatembea mpaka unachoka, miti pande zote mbili. Wakaniweka kwenye veranda, chai ya maziwa ikaletwa na mandazi, nikaanza kushoto kama kawaida. Mikono ilikwenda yenyewe. Nilisuka nikipiga hadithi, mistari imenyooka, rasta zinalala vizuri. Nikamaliza upande wangu, nikajisifu kimoyomoyo, nikazunguka kwenda kulia.

Mama, nilisimama pale kama mgeni. Nimesuka vichwa vya watu miaka na miaka, na upande wa kulia sijawahi kuusimamia hata siku moja! Kidole gumba kilikuwa nyuma mahali kinapotakiwa kuwa mbele. Nikivuta, navuta sana. Nikilegeza, nalegeza sana. Nikajaribu kumgeuza Ciku kiti, nikajaribu kusimama nyuma yake na kuinama, wapi. Na hadithi zote zikaniishia. Nilisuka kimya hadi jua likaanza kushuka.

Mamake Ciku akatoka ndani, akamtazama binti yake, akainamisha kichwa chake mwenyewe kidogo.

"Ciku, mbona unakaa mtu amelalia shavu moja?"

Ciku akachukua kioo. Akageuka huku, akageuka huku. "Hii side iko sawa kabisa," akasema. "Lakini hii ingine... Phanice, ni wewe umesuka zote?"

Ningeweza kusema nimechoka. Ningeweza kusema nywele zenyewe hazikuwa nzuri. Nilizitaka sana hizo mbawa, Mama, sitakudanganya. Lakini niliona picha ya huyo msichana siku ya harusi yake, bahari nyuma, watu wote wamevaa, na yeye kichwa kimemwendea upande. Nikamwambia ukweli.

"Upande huo si wangu. Huo ni wa Mwende. Kichwa chako siku zote kimekuwa cha watu wawili, ni vile mimi ndiye naongea."

Akashusha kioo. "Mwende ni yule mwingine? Wa kuimba?"

"Huyo huyo."

Mamake akavuta pumzi. "Lakini tulipanga tiketi moja. Na chumba ni kimoja."

"Chumba si shida," nikasema. "Tulipokuja Nairobi tulilala kitanda kimoja na Mwende, na hakikuwa kikubwa." Halafu sijui ujasiri ulitoka wapi, ninyi ndio mnaniombea. "Na hiyo tiketi, kama hamjainunua, hiyo pesa ya ndege moja haiwezi kutuzalia basi za watu wawili mpaka Dar, na boti?"

Ciku alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mko serious? Basi? Hiyo ni siku nzima kwa barabara!"

"Mimi nimepanda basi la kwenda Vihiga Krismasi," nikamjibu. "Hakuna safari inaweza kunitisha tena."

Mamake alikataa kwanza, akasema tutafika tumekauka kama samaki wa omena. Lakini Ciku akashika pale kichwani, upande wangu kwa mkono huu na ule mwingine kwa mkono huu, akasema, "Mum, nataka hao wote wawili." Ikaisha hapo.

Kwa hivyo, Mama, ndiyo habari yenyewe: naenda Unguja, lakini siendi kwa ndege. Nilipotoka geti nilitembea kidogo nikakaa kwenye ukingo wa barabara chini ya ile miti yao, nikailia hiyo ndege. Niliilia kweli. Ningekuwa wa kwanza kwetu kupita juu ya mawingu, na wewe ulikuwa umeshatangaziwa kanisani. Nilijiona nimekunyang'anya kitu. Nikalia nikamaliza, nikapangusa uso, nikaenda kumtafuta Mwende.

Alikuwa anafunga kibanda. Nikamwambia. Akaangalia mikono yake, akaniangalia mimi. "Unanibeba," akasema. Nikamwambia, "Sikubebi. Nimejaribu bila wewe na nimeshindwa." Akaketi kwa stuli ya wateja akaanza kucheka, na hakuacha. Wale wasusi wote wa mstari wetu wakaja kuona kuna nini.

Tangu hapo hapa hakukaliki. Mwende ameshapata pasipoti yake, naye alipakwa losheni na mama yule yule. Tumenunua madera mawili ya kuvaa safarini, la kwake lina maua makubwa ya manjano, ukiliona lazima utabasamu. Ameuliza kila mteja kama boti hutapisha, na kila mteja amempa dawa tofauti, kwa hivyo sasa mkoba wake una tangawizi, ndimu, na jiwe dogo la kushika mkononi. Tena ameamua kwamba Kiswahili chetu cha Nairobi kitatuaibisha mbele ya watu wa Unguja. Siku hizi mteja akifika anasalimiwa, "Shikamoo bibie, karibu uketi," na mteja anaangalia nyuma kuona ni nani anaambiwa! Dereva mmoja ametuambia kwamba baada ya mpaka wa Namanga, kukiwa hakuna mawingu, mtu anauona mlima Kilimanjaro kwenye dirisha la basi, theluji na yote. Nimeshamwambia Mwende dirisha ni langu. Yeye anasema hilo tutaligawa utosini.

Usiniwazie vibaya, nina furaha kuliko nilivyokuwa na ile ndege. Ile nilikuwa naifurahia huku naogopa. Hii naifurahia kwa meno yote.

Basi linaondoka asubuhi mapema, Jumatano ijayo ile nyingine, kutoka kule chini mjini karibu na River Road. Hapo ndipo ninaposhindwa. Najua utasema, mtu husindikizwa basi namna gani? Watoto wa watu hupanda basi kila siku bila kuombewa. Na pale hakuna nafasi ya kupiga picha, kuna mikokoteni, kuna wapiga debe, kuna watu wa kuuza soksi. Mjomba Elam atasema ameaibishwa. Kama mtaona ni heri gari lirudishwe, sitakasirika, nitawapigia nikiwa kisiwani muisikie bahari, na hiyo siku weka sauti ya juu upendavyo.

Lakini ningependa mje.

Msalimie Baba, umwambie nimeacha kula nje kama alivyoniagiza, karibu niache kabisa. Msalimie nyanya anayenilelea kuku wangu, na shangazi Rael mwenye dawa yako ya goti. Msalimie mjomba Elam wa gari, umpoze kwanza kabla hujamsomea. Akina mama wa kanisa waambie Mungu yupo hata barabarani.

Sasa lile lililonifanya niandike badala ya kupiga. Sidhani nimewahi kukwambia kwamba Mwende hana mama. Mamake alizikwa yeye akiwa bado shule ya msingi, na aliyebaki ni kaka mmoja ambaye hawasemezani. Juzi tulikuwa tunatia ncha za rasta kwenye maji ya moto zisifumuke, mimi namweleza jinsi mtakavyokuja gari zima, mtakavyotuzunguka na kuimba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila kuinua macho kwenye beseni:

"Sasa hao watu wenu wakikushika wakikuombea, mimi nitakuwa nimesimama wapi?"

Nilijifanya maji yameniunguza. Najua wewe jibu unalo, ndiyo maana nakuuliza wewe peke yako, bila kijiji kusikia. Ukifika hapo kwenye basi, Mama, tafuta dera la maua ya manjano, uanze kumshika yeye. Mimi mkono wako naujua.

Ni mimi binti yako wa kushoto,
Phanice