Shangazi Asikatwe Shingo

Kambini, upande wa Kigoma

Yaya Furaha,

Dada yangu mukubwa, nakusalimia sana, weye na mama na watoto wote wa pale Kasenga, Uvira. Mugongo wa mama unasemaje? Na ule mutoto wako wa mwisho, ameshaanza kutembea ao angali anatambaa? Minye niko muzima, ni tumbo tu. Huku ni mahindi paka mahindi, nikilala naota samaki wa kwetu, mikeke ya kuchoma.

Barua yako ilifika Siku ya Posho. Unasema vita imekaribia tena, jirani pale Kilibula watu wanalala na viatu, na weye unatafuta boti ya kuvuka huku pamoja na mama na watoto. Tangu niisome moyo hautulie. Lakini acha kwanza nikuelezee kitu kinanichoma. Ukitaka ucheke, lakini kinanichoma.

Iko muntu anaitwa Amisi.

Ile kazi yangu ya kutafsiri filimu ningali nayo, kidogo tu. Banda la video ni la Mzee Saleh, Mtanzania, mwenye televizyo na jenereta. Filimu ziko za Kingereza, watu hawasikie kitu, basi minye nakaa pembeni na mikro, nasema Kiswahili juu ya sauti yao. Kingereza nilijifundisha mwenyewe mu dikisionere yenye kurasa za mwisho zimepasuka, hayo maneno ya mwisho nakisia. Amisi, mutoto wa muji wa Baraka, yeye anakisia yote! Kingereza hajue hata salamu. Na banda linajaa siku yake, yangu hapana.

Yaya, hizi filimu za mashujaa wa kuruka haziko mupya hata kidogo. Nilisoma mu kitabu cha Mapadri, kile cha picha. Farasi wa mabawa, walimutoa kwa Wagiriki. Mwanamuke wa nyoka ku kichwa, kwa Wagiriki. Shujaa wa kurusha radi alikuwaka mungu wa watu wa inchi za baridi, wakamuchukua wakamuvalisha suruali ya kubana. Minye nawaelezea watu hayo yote katikati ya filimu, wanapiga miayo. Mama mumoja akaniambia: "Bahati, tunakuomba, tuachie filimu. Masomo tuliyakimbia Uvira."

Na nikuambie ukweli, hata hao Wagiriki nawaonea wivu. Miungu yao hakuna muntu anaitolea hata kuku, lakini kila mara wanaitengenezea filimu mupya. Sisi iko na Shangazi wetu, muzimu wa mu ziwa, angali anakula paka leo. Unakumbuka baba: mbele ya kushusha wavu anamutupia samaki, na jina lenyewe hataji ku maji, anaita tu "Shangazi", sababu shangazi akikosa fungu lake hakuna harusi inapita. Ni nani alikujaka na kamera kumuazima?

Amisi njo alimuazima. Amisi!

Ilikuwa filimu ya kijana mwenye nguvu, mutoto wa mungu. Nyama mukubwa akatoka mu maji, shingo ndefu kama mulingoti. Minye ningesema ni nyama wa Wagiriki. Amisi akashika mikro: "Mama yangu eee! Wavuvi, vueni kofia. Ni Shangazi!"

Yaya, waliivua. Wazee wazima!

Sasa kijana akainua upanga. Bibi mumoja wa kutoka Mboko akasimama: "Weee! Asikatwe! Minye nilivuka na wajukuu wangu wote mu boti moja, alituacha tupite. Huyu kijana ametoka wapi?" Wengine wakaenda kusimama mbele ya televizyo, mikono wameinyosha. Mzee Saleh akapiga kelele: "Jamani, hiyo ni kaseti! Kaseti haisikii!"

Amisi hakukosa neno, huyo hakosake. "Wamama, mutulie, kijana hamukate. Anamuomba njia. Ule mukono ni wa kuaga."

Na damu imejaa televizyo yote! Nikashindwa kunyamaza. "Uongo! Amemukata! Hamuna macho?"

Muvuvi mumoja akanigeukia pole pole. "Macho tuko nayo, mutoto. Toka inje na wivu yako."

Nilitoka. Kesho yake Mzee Saleh akaniita. "Kijana wangu, watu wanaitaka tena filimu ile. Jumapili zamu yako. Ukilijaza banda kama Amisi, tutaendelea. Usipolijaza, tafuta jembe."

Wiki muzima nikajitayarisha. Nilitaka kusema kila kitu vile kiko: amekata, kichwa kimeanguka, Amisi aliwadanganya. Siku ya Posho, njo barua yako ikafika.

Jumapili banda lilijaa, nafikiri walikuja kunizomea. Nyama akatoka mu maji. Upanga ukapanda. Neno lilikuwa tayari ku ulimi. Ni pale nikakuona weye mu boti, mama katikati ameinama na mugongo wake, watoto umewafunika na kikwembe, maji pande zote. Nikashindwa. Nikasema: "Shangazi, sisi ni watu wa Kasenga. Mama yetu iko mu boti, ni mugonjwa, hawezi kuogelea. Fungu lako tumeleta. Tupishe." Sauti ikaanza kutetemeka, sikuweza kuizuia. Banda lote likaitika: "Tupishe!" Nikarudilia, wakaitika tena, paka kaseti ikaisha na hakuna muntu alisikia ule muziki wa ushindi.

Unafikiri walinisifu? Ku mulango wananipiga ku bega: "Bahati, sasa umejua kumuiga Amisi!" Kumuiga!

Na Amisi mwenyewe anacheka: "Siyo mbaya, ndugu yangu. Ile sauti ya kutetemeka nitaichukua."

Akaichukua kweli! Jana alitetemeka kunishinda, yeye ambaye mama yake iko hapa hapa anauza sambusa. Wamama walilia paka wakasahau kuchukua watoto. Mzee Saleh ameshakata shauri: filimu ya Shangazi ni ya Amisi, minye nipewe za karate, kule hawaseme mingi.

Unisalimie baba mudogo, yule wa kushona viatu, na shemeji, na mwalimu wangu wa zamani mwenye kunifukuzaka kalasi. Bibi umuambie aombe kwa njia zote mbili, ya kanisa na ile ingine.

Sasa boti. Musipande ile imejaa sana, hata mwenye boti akisema ni ya mwisho. Mukitoka bandari ya Kalundu, usingoje wanaume: shika samaki weye mwenyewe, umutupie Shangazi, na useme maneno yale ya Jumapili. Ni yangu, yaya, siyo ya Amisi, niliyatoa juu yenu. Siku mutafika, minye mwenyewe nitamuambia Amisi abaki na ile sauti, aitumie kila siku ya Mungu, sitaihitaji tena. Lakini mufike kwanza. Paka pale nitaendelea kumuchukia.

Mudogo wako mwenye kuwangojea,
Bahati