Picha Ambayo Mume Wangu Hakuitambua

Likoni, Alhamisi, mwezi wa Shaabani, 1998

Leo jua limewaka tangu asubuhi na upepo umegoma. Nimefunga, nalipa siku zangu za Ramadhani iliyopita kabla hii nyingine haijanikuta. Koo limekauka kabisa, lakini moyo umeshiba.

Daftari langu, leo nataka kujisifu. Sina pa kujisifia ila hapa.

Wajua mimi ni somo, kungwi wa kuwafunda wari kabla ya ndoa. Skuli niliiacha darasa la nne, lakini wasichana wengi wa huku kwetu Mtongwe wameingia unyumbani wakitoka mikononi mwangu. Na mwari haachani na somo wake siku ile ya harusi. Akipata mimba huja, akigombana na mume huja, akiona jambo la mwili asilolielewa huja. Mambo mengine hata mamake mzazi hayajui, mimi nayajua.

Ndivyo alivyokuja Mishi. Huyu nilimfunda mwenyewe, na sasa ana watoto watatu. Hakuja kuniambia anaumwa. Alikuja kuniuliza habari ya ibada.

"Somo, damu ikinijia isiyo wakati wake, saumu yangu itasihi?"

Nikamjibu la ibada kama nilivyofundishwa. Kisha nikamuuliza yamemuanza lini. Akaniambia tangu mtoto wake mdogo alipoacha ziwa. Mtoto mwenyewe sasa anakimbia uani na kufukuza kuku!

Damu kama hiyo ndiyo iliyomwondoa dadangu mkubwa, Mungu amrehemu. Tulimsomea, tukamnywesha kombe la aya, na dua ina baraka zake, siipingi. Lakini hatukujua kwamba kulikuwa na kitu kinakua kwenye mlango wa kizazi. Tulipofika hospitali, daktari alitutazama tu.

Sikutaka kumvika sanda na Mishi pia.

Bahati, zahanati yetu ilikuwa imeletewa mashine mpya. Muuguzi, Sista Kadzo, alinieleza polepole mpaka nikaelewa. Mwanamke anaingia nyuma ya pazia na muuguzi mwanamke mwenzake. Anapanguswa kidogo kwa kijiti kule ndani, na kile kilichotoka kinapakwa juu ya kipande cha kioo na kutiwa rangi. Kioo kinawekwa chini ya hadubini, na juu ya hadubini kuna kamera inayotoa picha kwenye kompyuta. Picha hiyo inapitishwa kwa waya wa simu mpaka Nairobi, daktari bingwa akaisoma. Zamani vioo vyenyewe vilisafirishwa kwa basi. Vingine vilifika vimevunjika, na majibu mengine hayakurudi hata kidogo.

Nikaona hapa tumepona.

Kumbe neno kamera limetangulia mbele yangu. Mtu aliona sanduku likishushwa garini, akauliza ni nini, akajibiwa. Kufika alasiri Mtongwe nzima ilikuwa na habari: zahanati wanawake wanapigwa picha za utupu, zinapelekwa Nairobi zikatazamwe na wanaume!

Benchi la zahanati likabaki tupu. Na Mishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikatalia.

"Somo, wewe ndiye uliyenifunza kujisitiri. Leo wanitaka nikapigwe picha huko?"

Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamenirudia. Nilimwapia kwamba sivyo, akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeona mtu mzima amedanganywa. Nikarudi nyumbani, nikaswali, nikakaa juu ya msala muda mrefu. Hapo ndipo fikira ikanijia. Niliicheka mwenyewe kwanza.

Wiki iliyopita, siku ambayo sikufunga, nikaenda nikapimwa mimi. Kipimo chenyewe si cha kutisha. Kinaudhi kuliko kuuma, basi. Nikamwomba Sista Kadzo aniwekee picha yangu mpaka nirudi na watu. Nilimbembeleza Mishi aje akae tu, asipimwe, anisindikize somo wake. Akaja na wifi zake wawili, na nyuma yao majirani waliokuja kutazama aibu yangu, usinidanganye, daftari.

Bwana Katana, fundi wa maabara, akawasha ile skrini. Picha ikatoka. Rangi ya waridi na buluu, vitu vya mviringo vimetapakaa, kila kimoja na doa jeusi katikati.

"Huyu ndiye mimi," nikawaambia.

Jirani mmoja akanong'ona, "Mwongo. Wameificha ile yenyewe."

Bwana Katana akakisogeza kioo changu chini ya hadubini, na picha ikasogea nacho; kamera haioni kingine. Basi nikatoka nje nikamwita mume wangu, ambaye nilikuwa nimemketisha barazani bila kumwambia kisa. Wanawake wakavuta buibui zao. Nikamsimamisha mbele ya skrini.

"Baba Fatuma, tazama vizuri. Hii ni picha ya nini?"

Masikini, akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Akainama. Akainuka.

"Mayai," akasema. "Mtu amekaanga mayai bila kuyapiga. Lakini mbona ameyatia rangi?"

Wallahi, zahanati ililia kwa kicheko! Wifi mmoja wa Mishi alikaa chini sakafuni. Bwana Katana aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mume wangu anauliza, "Kwani nimekosea? Ni nini?" na hakuna aliyeweza kumjibu.

Nilipopata pumzi nikamgeukia Mishi. Nikamwambia, "Mtu huyu nimelala naye kitanda kimoja tangu sijajua kupika. Yeye hakunitambua. Huyo daktari wa Nairobi atakujulia wapi wewe?"

Mishi alikuwa anapangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya buibui. Kisha yakawa si ya kicheko. Akasimama, akamfuata Sista Kadzo nyuma ya pazia. Yule jirani aliyeniita mwongo alimfuata papo hapo.

Leo kabla ya adhuhuri Sista Kadzo ametuita. Picha yangu ni safi, alhamdulillahi. Kisha akamshika Mishi mkono, na mimi nikaushika ule mwingine.

Daktari ameona mabadiliko kwenye mlango wa kizazi. Yameanza.

Lakini bado si saratani.

Atakatwa hospitali kile kipande kidogo kilichobadilika, aingie asubuhi na jioni awe kwake, kisha awe anarudi kupimwa. Sista alituonyesha picha zote mbili, yangu na yake. Katika ya Mishi yale madoa ya katikati yamekuwa makubwa, yamejaa, mengine hayana umbo. Hata mimi wa darasa la nne niliiona tofauti. Nikamkumbuka dadangu. Kitu chake nacho kiliwahi kuwa kidogo hivi, na hatukuwa na wa kutuonyesha.

Njiani kurudi Mishi alitangulia mbele mpaka tulipofika kwenye duka la kona. Akasimama. "Somo, ningekaa nyumbani, ningekuwa nakuuliza habari ya saumu mpaka lini?" Nilimfunga vizuri mtandio wake, kama nilivyomfunga siku ya harusi.

Sasa magharibi imekaribia na uji uko mekoni. Baba Fatuma ameshaambiwa kisa chote. Tangu hapo mayai hayagusi, asema yanamtazama.

Jumatatu nitakwenda na Mishi hospitali, nimbebee leso zake na kumsomea Yasini nje ya mlango. Na kesho baada ya swala ya Ijumaa nitapita nyumba hadi nyumba kwa wari wangu wote, mmoja mmoja. Niliwafunza kujisitiri. Nitawafunza na hili.

Ya Rabbi, kujivuna ni haramu, najua, na mimi nimefunga. Uniachie leo tu, mpaka adhana.