Jua la Ijumaa Saa Moja na Robo

Birongo, 14 Aprili 2025

Dada Bonareri,

Bwakire. Sisi ni wazima, ng'ombe mzima, majani chai yanachumwa. Mama mwili hajambo, lakini roho imechafuka, na aliyeichafua ni wewe.

Picha uliyotuma kwa grupu ya familia nimeiona. Umevaa kaptura, una uma mkononi, mbavu za ng'ombe zinatoa moshi juu ya makaa, na chini umeandika mwenyewe: "Ijumaa, saa moja na robo jioni, baridi imeisha!" Saa moja na robo! Jua limeshazama, Sabato imeingia kitambo na wewe unageuza nyama!

Na huo mwanga nyuma yako usiniambie ni jua. Wazungu wana taa kubwa. Mimi si mtu wa kuelezwa ng'ambo. Nilipopeleka vinyago vya mawe ya Tabaka Ujerumani, wenzangu hapa walikuwa hawajafika hata Naivasha. Nchi za baridi jua linazama saa kumi jioni, nililiona kwa macho haya mawili. Kwa hivyo umeivunja Sabato masaa matatu na zaidi. Nimemweleza Mama hivyo, na wazee wa kanisa pia, maana wakiniuliza mambo ya dunia siwezi kunyamaza.

Mama amesema hataki simu yako. Hata ile ya Jumapili.

Tubu.

Kaka yako mkubwa,
Okemwa


Minneapolis, 20 Aprili 2025

Kaka Okemwa,

Natumaini mko salama. Mimi afya ninayo na hasira ninayo, sijui ipi imezidi. Leo nimempigia Mama mara nne. Amekata mara nne.

Taa? Kaka, hiyo ni taa? Ulienda Ujerumani mwezi gani? Desemba! Desemba hata hapa jua linazama saa kumi na nusu. Naenda kazini gizani kuwaosha wazee wa watu, narudi gizani. Miezi mitano vidole vyangu vya miguu naviona bafuni tu. Halafu Aprili inakuja na siku zinarefuka. Ijumaa ile jua lilizama saa mbili kasoro dakika saba. Saa moja na nusu moto ulikuwa umezimwa, wanangu Sheila na Brandon wameoga. Tulifungua Sabato kwa wimbo, dirisha wazi, mara ya kwanza tangu Oktoba.

Unadhani raha zetu ni disko? Jumapili naosha gari bila glavu. Watoto wanaendesha baiskeli. Barafu ya ziwa imepasuka, na Wazungu wamelala kwa nyasi kama mahindi yaliyoanikwa. Nimepanda mboga yetu ya chinsaga kwa ndoo, naiweka dirishani ipate jua. Basi. Hayo ndiyo nilitaka Mama aone, wewe ukayageuza dhambi.

Wiki nzima nasubiri sauti yake. Umeninyang'anya kwa sababu ya siku tisa zako za Ujerumani. Mwambie ukweli.

Dada yako,
Bonareri


Minneapolis, 4 Mei 2025

Kaka,

Salamu utazipata ukijibu. Umesoma, alama za buluu naziona. Hii ni Jumapili ya tatu bila Mama. Leo Brandon ameniuliza kama nyanya alikufa na ninamficha.

Nimjibu nini?

Bonareri


Birongo, 11 Mei 2025

Dada yangu,

Bwakire. Wengine wote wanalala vizuri, ni mimi tu silali. Nina hasira, na sina pa kuipeleka, kwa maana mwenye makosa ni mimi.

Nilinyamaza kwa woga. Unajua hapa naitwa Mjerumani? Nikiingia harusini mtu ananiachia kiti. Miaka kumi na miwili nakula jina hilo! Lakini swali la Brandon lilinikaba kama mfupa.

Jana wakati wa matangazo nilisimama mbele ya kanisa. Nikasema: "Mimi Okemwa nilikaa Ujerumani siku tisa, mwezi wa Desemba, na saba kati ya hizo nilikuwa ndani ya ukumbi nikiuza vifaru vya mawe. Jua la Aprili la huko silijui hata rangi. Bonareri hakuvunja Sabato. Ni mimi nimevunja amri ya tisa, nimemshuhudia dada yangu uongo." Watu walicheka mpaka Momanyi wa kinu cha posho akashikilia benchi. Si wangeweka heshima kidogo? Mtu anatubu, wao wanacheka!

Mama hakucheka. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Na Juni linazama saa ngapi?" Nikatafuta kwa simu, nikamwambia saa tatu usiku. Akawaka upya.

"Saa tatu! Jua gani hilo lisilo na kwao? Na hao watoto wanalala saa ngapi? Na kuku wanaingia saa ngapi?"

"Mama, Bonareri hana kuku."

"Hata kuku hana! Mtoto wangu yuko peke yake namna hiyo, na wewe ukanizuia kuongea naye mwezi mzima!"

Amenifukuza jikoni. Naandika hii nikiwa nje, na chai yangu imebaki ndani. Namwona kwa dirisha, simu ameifuta kwa leso na ameiweka mbele yake mezani.

Piga sasa. Kwako ni saa mbili asubuhi. Hiyo nimeuliza mtu, sikukisia.

Kaka yako,
Okemwa